Nusu Futi ya Ndalahwa

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Kwa hiyo fikirieni nilivyokuwa Jumanne ile, pale karakana kwetu Mabatini, mkono mmoja umeshika brashi ya rangi na mwingine kiuno, nikimtazama Inspekta Agutu akivuta tepu yake juu ya kitanda cha chuma alichokitengeneza mume wangu. Alipima upana mara moja. Akapima tena. Akaenda kwenye kitanda cha pili, akapima, akaenda cha tatu. Sura yake ikawa inabadilika kidogo kidogo.

"Baba Paulo," akamwita mume wangu, "hivi ni futi tatu."

Ndalahwa akatabasamu kama bwana harusi. "Ndiyo, afande. Mkandarasi aliandika mbili na nusu. Mimi nikaongeza nusu. Ni nyongeza yangu kwa serikali."

Nataka muelewe kitu kimoja kuhusu mume wangu. Hajawahi kumpa mteja kile kile alichoagiza. Ukiagiza mlango, anakuwekea na komeo. Ukiagiza jiko, anakupa na koleo la mkaa. Kwao Magu alikolelewa, mtu akija kununua mpunga, anapimiwa, halafu anamwagiwa kiganja kingine juu, na asipomwagiwa anaondoka amenuna. Ndalahwa alikuja na tabia hiyo mjini, akaiingiza kwenye chuma. Nimeshagombana naye mpaka nimechoka. Sasa alikuwa ameipa nyongeza Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kwenye vitanda vyote vya bweni zima la wasichana, na alikuwa anasubiri kushukuriwa.

"Mtoto wa mtu hawezi kulala kwenye futi mbili na nusu," akaendelea. "Akigeuka anaanguka. Na hivi ni dabodeka, afande, wa juu akianguka anavunjika mguu kabla hajajifunza kupiga saluti."

Inspekta Agutu hakucheka. Ni mama wa Kijaluo kutoka Rorya, mrefu, ana sauti inayofika bila kupandishwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kimoja, akatuambia taratibu, kama anayewaeleza wagonjwa.

"Mzee wangu, lile bweni halitanuki. Nusu futi kwa kila kitanda, kila safu vitanda viwili vinabaki nje. Safu ni nne. Kila kitanda kinalaza wawili. Piga hesabu."

Mimi nikapiga. Wasichana kumi na sita.

"Na hao kumi na sita," akasema, "ndio wangu wa akiba."

Brashi ikaniponyoka mkononi.

Sasa niwaeleze, maana nyinyi hamjui alichokigusa. Mwaka ule serikali ilitangaza nafasi nyingi za kujiunga na polisi, nyingi kuliko tulivyozoea, na Mwanza nzima ikachangamka. Vijana walikuwa wanakimbia barabarani asubuhi kama kuna mashindano. Lakini kutangaza nafasi ni jambo moja na kuwalaza watu ni jingine. Chuo cha polisi kilikuwa kimejaa. Ndipo ikaandaliwa kambi ya muda ng'ambo ya Busisi, kwenye majengo yaliyoachwa na kampuni moja ya ujenzi, na bweni la wasichana likawa moja tu. Waliofaulu usaili wakagawanywa: wa kwanza wanaitwa moja kwa moja, na wengine wanawekwa akiba, wanaitwa kadiri vitanda vitakavyopatikana.

Binti yetu Gladness, mdogo wake Paulo, alikuwa wa akiba. Tena alikuwa mkiani.

Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuomba. Mara ya kwanza hakuitwa hata kwenye usaili. Mara ya pili alikimbia, akaruka, akajibu maswali yote, nafasi zikaisha kabla hazijamfikia. Na sheria ya umri haina mjomba: kwa waliomaliza kidato cha nne, ukivuka miaka ishirini na mitano, basi tena. Gladness alikuwa anavuka mwezi wa tatu. Kwa hiyo ilikuwa safari hii, au asahau.

Na wakati baba mtu alipokuwa amesimama mbele ya nyongeza yake akitabasamu, Gladness mwenyewe alikuwa nyuma ya karakana, amevaa miwani ya kuchomelea, anapiga grinda. Tangu amalize shule alikuwa anafanya kazi na baba yake. Inspekta alikuwa amemwona mara mbili tatu, akadhani ni fundi tu. Mume wangu alimwita Baba Paulo tu, jina la Ndalahwa halijui, na sisi hatukumwambia. Mimi ndiye niliyekataza. Nilisema hivi, na bado nasema: kazi ya vitanda tuliipata kwa mkandarasi kabla majina hayajatoka; tukisema sasa kwamba mtoto wetu yuko kwenye akiba, kesho mtu atasema tunanunua nafasi kwa chuma. Yule mama angelazimika ama kutushuku au kutupendelea, na vyote viwili ni vibaya kwa mtoto.

"Afande," nikasema, "vikikatwa?"

"Ijumaa saa kumi napeleka idadi makao makuu. Kitanda kisichosimama bwenini saa hiyo, hakihesabiwi. Wale ambao sina pa kuwalaza, siwaiti." Akasimama, akajipangusa suruali. "Mimi siiti mtoto wa mtu kuja kulala sakafuni. Nililala sakafuni mimi, miezi minne, nikiwa kuruta. Haitatokea kwenye kambi yangu."

Akapanda gari akaondoka.

Nilimgeukia Ndalahwa. Nilikuwa na maneno tayari, mengi, mengine ya Kisukuma ambayo hayaandikiki. Lakini nikamwona uso. Alikuwa ameelewa. Alikuwa anatazama kile kitanda kana kwamba kimemuuma.

"Nimemfungia mlango mwanangu kwa mikono yangu," akasema.

Gladness alikuwa ametoka, miwani kichwani, vumbi la chuma mpaka kwenye kope. Alikuwa amesikia yote. Nilitegemea alie. Angelia ningemwelewa, mimi mwenyewe nilikuwa karibu. Badala yake akachukua tepu ya baba yake ukutani, akapima futi mbili na nusu kwenye kitanda cha kwanza, akachora mstari kwa chaki.

"Baba, tunakata vyuma vya kulalia, hivi vya kukatiza, upande mmoja tu," akasema. "Miguu tunaibandua, tunaisogeza ndani, tunachomelea upya. Pande ndefu haziguswi. Shika huku."

Ndalahwa akashika.

Jumatano asubuhi nilikuta wamekwishamaliza vitanda vichache tu, na bweni zima lilikuwa linasubiri. Nikaona hatutafika. Watu wawili na mashine moja, hatutafika. Nikavua aproni ya rangi, nikavuka barabara, nikaenda kwa Nkwabi.

Nkwabi ni fundi kama sisi, karakana yake inatazamana na yetu, na alikuwa hasalimiani na mume wangu tangu sikukuu ya Pasaka. Sababu ni ile ile nyongeza. Alikuwa anasema Ndalahwa anamharibia soko, wateja wanakuja kwake wanadai komeo la bure. Nilimkuta anakunywa uji.

"Mwangaluka, Nkwabi," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Paulo. Leo jua limetokea wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza haraka, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kumbembeleza, na mimi kubembeleza sijui. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuweka kikombe chini. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka uji ukamwagika.

"Ameipa serikali nyongeza! Ndalahwa! Mayu wane, mama yangu, huyu mtu atakuja kuuawa na ukarimu."

"Cheka ukimaliza uniambie unakuja au huji."

Akaweka kikombe. "Gladness ndiye aliyemsaidia mke wangu siku ile alipodondoka sokoni, akambeba mpaka hospitali. Siji kwa ajili ya mumeo, uelewe hivyo." Akapiga mluzi, vijana wake wakainua vichwa. "Bebeni mashine. Tunahamia ng'ambo ya barabara."

Kisha mambo yakawaka. Nkwabi alipovuka na mashine zake mchana kweupe, wale mafundi wengine wa mtaa wetu walikuja kushangaa, na waliokuja kushangaa wakapewa grinda. Cheche zilikuwa zinaruka mpaka watoto wa shule wakawa wanasimama kutazama. Kelele zilikuwa hazielezeki. Mimi nilikuwa napaka rangi nyuma yao, chuma bado cha moto, rangi inachemka kwenye maungio, napiga kelele wapungue mwendo na papo hapo napiga kelele waongeze. Mama wa mihogo wa pale kona akaleta sinia zima, akakataa kusikia habari ya malipo. Sijui lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha na hofu kiasi kile kwa wakati mmoja. Nilikuwa naimba, na mimi sauti yangu ni mbaya.

Ndalahwa na Nkwabi hawakusemezana siku nzima ya kwanza. Walikuwa wanafanya kazi kwenye kitanda kimoja, huyu huku, huyu kule, wanaelekezana kwa vidole. Siku ya pili Nkwabi akamwambia, "Lete spana," na Ndalahwa akaleta spana mbili. Nkwabi akamtazama. "Nimesema moja," akasema. Karakana nzima ikaangua kicheko, na Ndalahwa naye akacheka, kwa aibu, akairudisha moja.

Alhamisi jua likiwa bado juu, kitanda cha mwisho kilikuwa kimekauka rangi.

Ijumaa tukapakia lori. Vitanda tulivifungua vipande ili vienee, bolti kwenye ndoo. Tulipoingia kwenye daraja jipya la kwenda Busisi, Gladness alikuwa nyuma juu ya vyuma, pamoja na Nkwabi na vijana, upepo wa ziwa unampiga usoni, na yeye anapiga kelele za furaha kama mtoto aliyepanda pikipiki mara ya kwanza. Zamani pale Kigongo tungekaa kwenye foleni ya kivuko mpaka saa kumi itupite. Nilichungulia dirishani, nikamwonya ashike vizuri, na kimoyomoyo nikawashukuru wote waliomwaga zege lile.

Inspekta Agutu alitupokea mlangoni mwa bweni, amevaa saa kubwa ya mkononi ambayo niliichukia tangu nilipoiona. Safu tatu na sehemu ya nne zikasimama kabla ya saa saba, maana vijana wa Nkwabi wanafunga bolti kama wanafukuzwa. Hivyo vilikuwa vya wale wa mwanzo, waliokwisha kuitwa. Vikabaki vile vinane vya mwisho, vya wasichana wa akiba.

Hapo ndipo nilipoona namna yule mama anavyofanya kazi, na ikanitoa jasho. Hakusubiri tumalize aite wote pamoja. Kila kitanda kilipokamilika, alikuja mwenyewe, akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa kwa nguvu zake zote. Kikitulia, alitoka barazani, akafungua orodha yake, akapiga simu mbili. Madirisha ya bweni yalikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia kila neno.

"Naongea na Queen? Inspekta Agutu hapa, kambi ya mafunzo. Uko tayari kuripoti Jumatatu?" Halafu kelele kwenye simu ile, kelele mpaka sisi ndani tukazisikia, mtu analia na kucheka na watu wa nyumbani kwake wanapokea kelele. "Haya, haya. Jumatatu saa mbili. Usichelewe."

Anarudi ndani. Anatikisa. Anatoka. "Naongea na Dorotea?"

Kila kelele ya furaha iliyotoka kwenye simu ile nilifurahi kweli, sisemi uongo. Wale nao ni watoto wa watu. Lakini kila iliyotoka, ndoo ya bolti ilikuwa inapungua, na jina letu lilikuwa halijatajwa. Gladness alikuwa anafunga nati bila kuinua kichwa. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, na macho yangu hayakutoka kwenye mfuko ule.

Nkwabi naye akawa hajiwezi. Inspekta aliporudi kutikisa kitanda cha sita, akafungua mdomo. "Afande, kwani huyu Gla..." Nikamkanyaga mguu kwa kisigino. Akageuza maneno: "Kwani huyu kiti... hiki kitanda, kiko sawa?" Inspekta akamtazama kwa mshangao, akasema kiko sawa, akatoka.

Kitanda cha mwisho kilikuwa cha kona, karibu na nguzo. Saa tisa na nusu ilikuwa imepita. Tukakisimamisha, tukakisukuma, kikagoma. Kati ya nguzo na kitanda cha jirani palikosekana nafasi ndogo, unene wa kidole gumba changu tu. Ndalahwa akainama, akapima, akainuka, akapima tena.

"Nguzo imepigwa lipu nene upande huu," akasema kwa sauti ndogo.

"Kata kitanda," nikasema.

"Mashine zimebaki Mabatini, mama," Ndalahwa akajibu.

Inspekta alikuwa mlangoni, anatazama saa yake. Na mimi, naapa, maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia huyu ni mwanangu, huyu aliyekata kila kitanda unachokiona, muite tu, atalala popote, atalala juu ya nguzo. Gladness akanitazama. Alitikisa kichwa mara moja tu, akanifunga mdomo kwa macho yale yale ninayowafungia watu mimi.

Kisha akageukia vijana. "Vitanda vya safu hii vyote vimeachiana mianya. Tunasogeza kila kimoja kidogo kuelekea mlangoni. Kidogo tu, kama unene wa shilingi. Tuanzie kule."

Tukaenda kule. Tukasukuma, sote, na mimi nikiwemo, na sketi yangu ya heshima. Kitanda cha kwanza kikalia sakafuni, kikasogea. Cha pili. Cha tatu. Nkwabi anahesabu pumzi, "Moja, mbili, haya!", na Ndalahwa amelala kifudifudi anaangalia miguu ya vitanda, anasema bado, bado, bado. Tulipofika kwenye kona, mgongo wangu ulikuwa hausikii tena maumivu. Gladness na baba yake wakakiinua kile cha mwisho kwa pamoja, wakakishusha.

Kikaingia. Kikasugua lipu ya nguzo, unga mweupe ukamwagika, kikaingia.

Hakuna aliyeshangilia. Gladness alipanda juu kufunga nati za ngazi ya pili, mikono inafanya haraka, na alipomaliza akabaki pale pale juu. Inspekta akaja. Akakishika kwa mikono miwili, akatikisa, Gladness akiwa juu. Hakikuyumba. Akatazama saa, akatoka barazani.

Simu ya kwanza. "Naongea na Princess?" Kelele, vigelegele, mbwa anabweka huko huko kwao. "Jumatatu saa mbili."

Halafu karatasi ikageuzwa. Nilisikia inavyogeuzwa. Ndalahwa alinishika mkono kwa kiganja chake chenye malengelenge, akaubana mpaka ukaniuma, na mimi sikuutoa.

Simu ikalia bwenini.

Gladness aliitoa mfukoni, akaitazama ikilia kama hajui inatumikaje. "Pokea!" nikasema, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa. Akapokea.

"Naongea na Gladness Ndalahwa?" Sauti ilikuwa inatoka kwenye simu na dirishani kwa pamoja.

"Ndiyo, afande."

"Inspekta Agutu hapa, kambi ya mafunzo. Wewe ndiye wa mwisho kwenye orodha yangu. Uko tayari kuripoti?"

"Niko tayari, afande."

"Mbona nakusikia vizuri hivi? Uko wapi sasa hivi?"

"Niko bwenini, afande. Kitanda cha mwisho, juu."

Tukasikia viatu barazani. Inspekta Agutu akasimama mlangoni, simu bado iko sikioni, akamtazama binti aliyejaa rangi na unga wa lipu, akamtazama Ndalahwa, akanitazama mimi, na nikaona anaziunganisha zile siku zote, tangu Jumanne.

"Kwa nini hamkusema?" akauliza, akiwa bado anaongea kwenye simu.

"Ungeniita kwa sababu ya baba, afande," Gladness akajibu, naye kwenye simu. "Mimi nilitaka uniite kwa sababu zamu yangu imefika."

Yule mama alishusha simu polepole. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na mdomo wake ulikuwa unajitahidi kubaki mdomo wa askari. Akavuta pumzi, akajinyoosha.

"Kuruta Gladness," akasema, na mara hii sauti aliipandisha, "shuka kitandani! Simama wima!"

Gladness akaruka chini, akasimama, visigino pamoja. Ndalahwa naye akasimama wima, spana mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Nkwabi akasimama. Na mimi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuniamuru kitu nikatii, nikajikuta nimebana mikono ubavuni, kifua mbele, nasubiri amri inayofuata.